Nyumba Inayouzwa Kiangazi

Mwenzangu, ngoja nikusimulie. Darasa la jioni limeanza, nimekaa nje kwenye ngazi.

Leo ndiyo mimi na mume wangu tulikuwa tunasaini mkataba wa kununua ile nyumba. Dalali ametuharakisha wiki nzima: "Mama, nunua kiangazi, masika bei inapanda."

Kabla ya kusaini, tukiwa humo humo sebuleni, nikaomba tusali. Nikasema, Mungu, kama kuna kilichofichwa hapa, kifichue. Mwenye nyumba akaitikia "Amina!" kwa sauti kutushinda wote.

Amina, mwenzangu!

Hatujafumbua macho, mvua isiyo ya msimu ikashuka. Maji yakatoka chini ya kabati mpaka kwenye viatu vyangu.

Mwenye nyumba akanong'ona, "Si ungesali baada ya kusaini?"

Nikampokonya mume wangu kalamu. Nyumba tutatafuta masika, mvua ikinyesha.