Sindano kwenye Ndoo ya Maganda

Jumamosi, 5 Julai

Nimegeuza biwi la pili la mboji kwenye bustani ya kikundi. Upepo mkali tangu alfajiri, vumbi mpaka kwenye meno. Mti wa kupimia nimeuchomoa katikati ya biwi ukiwa wa moto, haushikiki. Vizuri. Joto hilo ni la vijidudu vinavyokula taka, na joto likiwepo mbegu za magugu hufia humo humo. Maganda ya karanga yameoza. Mabua bado, kwa sababu wameyaleta marefu. Nimesema mara nyingi yakatwe urefu wa kidole. Kitu kikiwa kipande kidogo, vijidudu hupata pa kuingilia pengi. Watanielewa siku moja.

Halafu ndoo za taka mbichi, moja kwa kila nyumba ya kikundi. Nimezimwaga zote kwenye turubai nichambue. Bila glavu. Kina mama nawakemea kila wiki wavae, lakini mimi mboji naisoma kwa vidole, na glavu ni kama kusoma umefumba macho.

Kitu kimenichoma kidole cha shahada. Nilidhani mwiba. Ilikuwa sindano ya dawa, na bomba lake, imesokomezwa ndani ya ganda la boga. Haina kifuniko. Damu ikatoka.

Nikafanya upumbavu. Nikaitupa kwenye shimo la choo cha bustani, palepale, kama mtu anayetupa nge. Sikutaka kuiona. Ndipo nikanawa kwa sabuni.

Mama Zuhura, mwenyekiti wetu, aliniona nimeshika kidole. Nikasema mwiba. Nyumbani nikasema mwiba pia. Mke wangu alikitazama kile kidole kwa muda, kisha akarudi kusonga ugali.

Naogopa. Niandike tu hivyo. Naogopa sana.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Nimesema nina kikao Ihumwa, na uongo wenyewe nimeutoa bila kukwama. Nimekwenda kituo cha afya cha mbali, si hiki cha Mkonze, nisijulikane. Nesi akainua uso: "Shikamoo, Mwalimu." Nilimfundisha sayansi. Umri wangu huu, hakuna kituo Dodoma nzima nisikokuwa na mwanafunzi.

Akauliza kama nimekuja na ile sindano. Nikamwambia ilipo. Akasema tu, "Mwalimu." Kwa sauti niliyokuwa nikiitumia mimi.

Wamenipima. Kwa sasa sina virusi, lakini kipimo cha leo kinasema habari za zamani, si za jana. Mwili huchukua muda kuonyesha. Kwa hiyo vidonge, kila siku, mwezi mzima, na ni lazima kuanza ndani ya siku tatu, kabla kirusi hakijajenga nyumba. Amenieleza vizuri. Nilimfundisha kueleza. Pia nimechomwa sindano ya pepopunda.

Mwisho akainama kwenye meza: "Na mama nyumbani, Mwalimu, itabidi mtumie kinga mpaka tukupime tena." Nikatazama ukuta. Miaka sabini na moja.

Vidonge nimeviweka kwenye kopo la misumari.

Jumatatu, 7 Julai

Kichefuchefu. Ndoto mbaya. Ugali naumeza kama udongo.

Nimewaambia kina mama hakuna kuchambua tena bila glavu nene, na ndoo zote zipite kwangu kwanza. Sikusema sababu. Mama Zuhura, mtu wa Kondoa, ulimi wake hauna breki, akanicheka. "Mwalimu leo anaogopa uchafu wake mwenyewe. Juzi ulituambia hakuna uchafu duniani, kuna mali iliyokaa pasipo pake."

Nilisema hivyo kweli. Wakacheka wote. Nikacheka na mimi, jasho linanitoka na baridi hii ya Julai.

Nikiwaambia ukweli, kesho hakuna atakayegusa biwi. Bustani itakufa, na mboga ndizo zinazolisha nyumba zile. Nisipowaambia, anayefuata kuchomwa ni mmoja wao. Nimelizungusha hili kichwani siku nzima.

Alhamisi, 10 Julai

Sindano ile ilitoka nyumba gani?

Ndoo nazijua. Kwa Mama Zuhura ni maganda ya ndizi na majani ya chai. Kwa fundi baiskeli ni mabaki ya dagaa, ingawa nimekataza. Lakini nilizimwaga pamoja. Na maboga msimu huu nusu ya mtaa wanakula, hata sisi.

Nimeanza kumtazama kijana mpangaji aliyejiunga mwezi uliopita. Mwembamba. Mikono mirefu ya shati hata juani. Leo amenisalimia vizuri, "Shikamoo mzee," na mimi nikawa natafuta alama za sindano kwenye mikono yake. Kumbe mikono imeungua mafuta ya mandazi, anafanya kazi kwenye mgahawa. Ameniambia mwenyewe, aliponiona namkodolea macho.

Nimeona aibu. Hofu bado iko palepale.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefumua biwi lote peke yangu, tabaka kwa tabaka, kwa uma na glavu na viatu vya mvua. Nimelitandaza juani kama nafaka. Sindano nyingine hakuna. Kutokuipata hakukunituliza. Biwi ni kubwa na sindano ni ndogo.

Nimehamia chumba cha wageni tangu Jumapili. Nimemwambia mke wangu vumbi la mboji limenipa kifua, sitaki kumsumbua. Hakubisha. Hilo limenishangaza. Huyu ni mtu ambaye miaka arobaini na minne hakuniruhusu kulala na soksi bila mjadala.

Anapungua mwili. Nimeona leo alipokuwa akifunga khanga. Anaamka mara nyingi kwenda haja, namsikia kupitia ukutani. Labda na yeye ana wasiwasi juu yangu. Labda amejua. Labda nimeshampa, kabla ya kuhama. Usiku ule wa kwanza nililala kitandani kwetu.



Jumatano, 16 Julai

Lazima niandike haya kwa utaratibu.

Wanakikundi wa Ihumwa wanakuja kesho kujifunza. Mama Zuhura alitaka niwaonyeshe friji la chungu: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka kwenye udongo huondoka na joto, na ndani hubaki baridi bila umeme. Niliwafundisha mwaka juzi. Cha bustani kimepasuka. Nikakumbuka mke wangu ana kingine kidogo stoo, cha maziwa ya mgando, alisema. Yeye alikuwa kwenye sala za jumuiya.

Nikafunua kitambaa. Maziwa hayakuwemo. Vichupa viwili vya dawa. Mfuko wa mabomba ya sindano, mafupi, membamba. Kama lile.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya stoo. Kwanza nilidhani mtu amezificha kwetu. Akili ya mtu mwenye hofu ni kitu cha ajabu, itatafuta mwizi kabla ya kumtafuta mwenye nyumba. Kisha nikasoma kwenye boksi. Jina lake. Insulini.

Mke wangu ana kisukari. Anajichoma. Ndani ya nyumba yangu, na mimi sijui.

Ndoo ilikuwa yetu. Ganda la boga lilikuwa letu.

Nimerudisha kitambaa. Nimekilowesha tena, kilikuwa kimeanza kukauka. Nimemwambia Mama Zuhura chungu sikukiona.

Nilipaswa kufurahi. Kwa saa nzima nilifurahi, nikiri. Halafu nikamkumbuka dada yake wa kule kijijini Haneti. Alianza na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Wakakata kidole. Wakakata mguu. Tukamzika kabla ya mavuno.

Ile hofu ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe. Hii ni ya kumpoteza yeye, siwezi hata kuibeba.

Alhamisi, 17 Julai

Wageni wamekuja na kuondoka. Sikumbuki niliwafundisha nini. Mama Zuhura anasema niliwaonyesha biwi nikanyamaza, na kwamba hajawahi kuniona hivyo.

Jioni nikaleta kopo la misumari mezani. Nikaleta na chungu. Nikaviweka pamoja mbele ya mke wangu. Sikujua kuanza vinginevyo.

Alitazama vidonge, akatazama kidole changu. "Haukuwa mwiba," akasema.

Nikamweleza. Akalia. Sijamwona akilia hivyo tangu Yusta wetu alipoolewa akaenda Mwanza, na kile kilikuwa kilio cha furaha.

Tangu mvua zilipokatika anajichoma. Sindano zilizotumika huziweka kwenye chupa, huzirudisha kliniki anapokwenda kuchukua dawa. Ila Jumamosi ile nilirudi ghafla kuchukua panga. Alikuwa jikoni, sindano mkononi. Akaisukuma ndani ya maganda. Alipogeuka kuitoa, nilikuwa nimeshabeba ndoo.

"Kwa nini si kwenye taka kavu?" nikauliza. Swali la kijinga, lakini ndilo lililokuja.

"Taka kavu? Unazipekua kama mtu wa forodha. Karatasi huku, chuma huku, plastiki ya aina hii, plastiki ya aina ile. Baba Yusta, nyumba hii haina pa kutupa kitu bila wewe kukijua."

Ni kweli. Nilikuwa nikijisifia hilo mbele za watu.

Akasema alikiona kidole siku ile na moyo ukamlipuka. Niliposema mwiba, akachagua kuamini. Nilipohama chumba, alidhani nimejua ugonjwa wake na nimeuchukia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia tangu mwanzo. "Msibani Haneti uliwaeleza watu wote dada yangu alikosea wapi. Uliwaeleza vizuri, wakaelewa. Mimi nilitaka nikae na ugonjwa wangu kwanza, kabla hujauandika ubaoni."

Naandika tu alivyosema.

Ijumaa, 18 Julai

Tumekwenda pamoja kwa yule nesi. Mke wangu amepimwa, hana virusi. Daktari akasema, kwa kuwa sindano inajulikana ni ya nani, vidonge naweza kuacha. Nesi akatutazama wazee wawili kwenye benchi moja, kila mmoja na siri yake kwenye mfuko wa khaki, akauma midomo asicheke. Mke wangu ndiye aliyeanza kucheka.

Kisha wakampima sukari. Iko juu. Dozi imebadilishwa. Nesi akamwomba avue viatu amwangalie miguu, kidole kwa kidole. Mimi nilisimama nyuma, nimeshika viatu vyake. Kwenye kisigino cha kushoto kuna ufa. Mdogo. Mkavu. "Huu tuutazame, mama," nesi akasema.

Nimeutazama njia nzima, ingawa ulikuwa ndani ya kiatu.

Jumamosi, 19 Julai

Nimewaambia kikundi. Mke wangu aliniruhusu, tena akaja mwenyewe. Nimesema nilichomwa, sindano ilitoka ndoo ya nyumbani kwangu, sikuvaa glavu, nikadanganya. Nilingoja waondoke mmoja mmoja.

Mama Zuhura akauliza, "Sasa zile za mama mkwe wangu niziweke wapi? Naye ana sukari. Mimi nazifukia nyuma ya banda la kuku." Mwingine akasema na kwake zipo, za mumewe.

Kumbe. Tumekubaliana chupa nene za plastiki, za mafuta ya kula, zenye kifuniko cha kukaza, moja kila nyumba yenye mgonjwa. Zikijaa zinakwenda kliniki. Kamwe si bustanini.

Nilitaka kueleza kwa nini plastiki nyembamba hutoboka. Wameshaelewa.

Jumatano, 23 Julai

Upepo umetulia. Nimerudi chumbani kwetu.

Asubuhi nimeuosha mguu wake kwa maji ya vuguvugu na kuukausha katikati ya vidole. Ufa upo vilevile. Haujaongezeka. Nadhani haujaongezeka. Nimeupaka mafuta, soli nzima, katikati ya vidole nikaacha.

Akatoa dawa kwenye chungu. Akajichoma tumboni, mbele yangu, mara ya kwanza. Mkono wake mtulivu kuliko wangu. Nilikuwa na mengi ya kusema: kuhusu kubadilisha sehemu ya kuchoma, kuhusu kifungua kinywa. Alinitazama, akingoja yaanze.

Nikakinga chupa. Sindano ikaanguka ndani, nikaisikia. Nikakaza kifuniko.

Nimevaa glavu, nimebeba ndoo kwenda bustanini.