Siku Thelathini za Mkwe Wetu Marta

Dabani, Uganda, karibu na mpaka wa Kenya, Alhamisi. Mvua nyepesi tangu alfajiri, moyo mtulivu.

Kosa la wengi ni kusoma visa na kuusahau muhuri. Visa inamwambia mgeni kwamba anaruhusiwa kuja. Muhuri, pamoja na tarakimu ambayo ofisa huiandika juu yake kwa kalamu, ndio unaomwambia akae siku ngapi. Karatasi ya visa yaweza kutaja miezi mitatu na muhuri ukasema siku thelathini. Muhuri ndio unaoshinda.

Mimi nimefundisha hesabu hadi nikastaafu, na kosa hilo nimelifanya.

Marta ni mama mzazi wa mke wa mwanangu. Alitoka Ureno kuja kumwona mjukuu wetu, ambaye atabatizwa Jumapili hii kule Tororo. Kwa wiki tatu nilimtembeza nikimweleza habari za mwamba wa Tororo, mihogo ya huko Kwapa na maji ya mto wetu. Pasipoti yake sikuifungua hata mara moja.

Jumanne ya wiki iliyopita aliileta mwenyewe mezani, akaweka kidole kwenye muhuri. Siku zake zilikuwa zinaisha Ijumaa, yaani kesho. Ubatizo ni Jumapili. Kila siku inayozidi ina faini yake, na mama huyu anataka kurudi kila mwaka bila doa katika kitabu chake.

Mke wangu alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Mwalimu wa hesabu! Mgeni ndiye anakuhesabia siku?"

Jirani yetu Wandera, anayevuka mpaka na vitunguu mara tatu kwa siku, alikuwa na dawa tayari. "Mwalimu, hiyo kitu nasumbua wewe bure. Peleka mama Kenya, akunywe chai, arudi. Siku naanza upya!"

Nakiri kwamba nilimwamini. Sisi wa hapa tunauona mpaka kama kizingiti cha nyumba: unaonyesha kitambulisho, unanunua sukari, unarudi kabla sufuria haijachemka. Nilisahau kwamba kizingiti hicho ni chetu, si chake.

Kesho yake nikampeleka mpakani. Tulipanga foleni nyuma ya akina mama wenye magunia, naye Marta amevaa viatu vya safari, anatabasamu kama anayekwenda harusini. Ofisa, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma visa, akainua macho.

"Mzee, huyu anakwenda wapi?"

"Kunywa chai."

"Chai ya bei gani hiyo? Visa yake ni ya kuingia mara moja. Nikigonga muhuri wa kutoka, imekufa. Kurudi Uganda atanunua ingine, kama atapewa."

Nilihisi masikio yanawaka. Ipo visa ya pamoja ambayo humruhusu mtalii kuzunguka Kenya, Uganda na Rwanda bila kununua upya. Ya Marta haikuwa hiyo. Kama yule ofisa angekuwa na haraka kidogo tu, bibi wa mtoto angebaki ng'ambo, na mimi ndiye niliyemshika mkono kumfikisha hapo.

Muhuri haukugongwa.

Ofisa alitueleza kwa upole: siku huongezwa na ofisi ya uhamiaji, si kwa kuvuka na kurudi, na maombi hupelekwa kabla siku hazijaisha. Baada ya hapo hakuna ombi, kuna faini. Mchana huohuo tulipeleka maombi. Tangu hapo nimelala usingizi wa kuku, nikimwonyesha Marta uso wa mtu asiye na wasiwasi. Sidhani alidanganyika.

Leo saa nne jibu limekuja. Ameongezewa siku, zinatosha ubatizo na wiki moja ya kupumzika. Marta alimkumbatia mke wangu, kisha akanikabidhi pasipoti, akaningoja nisome. Nikasoma tarehe kwa sauti, mara mbili, kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Wandera amepita jioni. "Kwa hiyo chai ya Kenya hakuna?" Nikamwambia ipo ya hapa, aketi.

Nawe unayesoma, kama una mgeni nyumbani, usingoje kesho: mwombe pasipoti leo, ufungue penye muhuri, uhesabu siku zilizobaki naye akiwa ameketi kando yako.