Taa za Mwana kwenye Sayari Kibete

Kaka mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Natumai wewe, wifi na watoto mu wazima na kazi haijakumaliza. Huku tunapumua.

Ile sauti ya redio uliyonitumia nimeisikia, na yako pia, ukicheka hadi ukakohoa. Umeuliza kama namjua huyo "Mzee wa Taa", kwa kuwa mimi ndiye fundi mitambo wa redio iliyomrusha. Namjua. Ngoja nikueleze vizuri.

Zilipotoka picha za ile sayari kibete yenye madoa yanayong'aa gizani, mtangazaji wetu aliwafungulia wasikilizaji simu waseme ni nini. Weee! Msusi mmoja akasema ni barafu. Dereva akaapa ni mji wenye umeme usiokatika, tena akauliza nauli ya kuhamia. Kisha akapiga mzee mmoja, ulimi mzito, maneno nusunusu, akasema ni taa za mwanawe. Kwamba mwanawe alikwenda kufanya kazi mbali sana, na huziacha zikiwaka ili baba yake ajue yupo. Studio nzima ilivunjika mbavu. Tangu hapo akawa anawekwa hewani kila asubuhi, kabla ya tangazo la sabuni.

Wiki iliyopita wataalamu wakasema ni chumvi. Chumvi tu, kaka! Mtangazaji akampigia mzee papo hapo, watu wasikie atajibu nini. Mzee akauliza, kama ni chumvi, basi mwanawe yuko wapi. Hapo ndipo wewe ulipocheka, ukasema huyo mwana naye lazima awe chizi kama babake. Mimi, siku ile palepale studioni, nilikata laini nikatoka. Nimesimamishwa kazi, na sijuti hata kidogo.

Yule ni Baba. Huyo mwana ni wewe.

Kiharusi kilimpinda mdomo mwaka jana. Nilikupigia, ukasema uko kikaoni, utanirudia. Baba naye akakupigia mpaka akachoka, ndipo akaanza kupiga redioni, maana huko walau wanapokea. Nilimsihi mtangazaji amwache, nikamwambia ni baba yangu mzazi. Akasema mzee anapendwa na wasikilizaji. Nimemchukia, lakini yeye si mwanawe. Wewe sauti iliyokulea umeisikiliza mwanzo hadi mwisho usiijue, kisha ukaisambaza kwa marafiki zako. Nina hasira nawe, kaka, na siifichi.

Tangu siku ile haongei. Nikimpa chakula anasukuma sahani. Daktari kampima, anasema hana ugonjwa mpya.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Mimi barua usinijibu. Mpigie Baba leo, simu nimemwekea mkononi. Habari za chumvi usimpe, ameshapewa na kila mtu. Mwambie tu uko wapi.

Ni mimi,
Mdogo wako wa kike