Kwa Mama, Aliyewafungua Mikono Watoto Viziwi

Mwaka umetimia, Mama, tangu utuache asubuhi ile ya Jumanne, chai yako ikiwa bado ya moto mezani. Watu wanatuambia tutakuwa tumeshazoea. Hatujazoea.

Tunakumbuka ulivyoongea na simu huku mkono wa pili ukieleza hewani, kana kwamba wa upande wa pili anauona. Tulikucheka, nawe ukacheka nasi. Ulipika huku unasoma, sufuria ikaungua, na mchana kweupe ukakana kwamba kuna moshi.

Ulifundisha shule ya viziwi enzi ambazo lugha ya alama ilikuwa kosa. Mtoto alitakiwa asome midomo ya mwalimu na ajibu kwa sauti. Akiinua mikono, anachapwa rula za vidole. Mwaka wako wa kwanza nawe uliwachapa. Hukutuficha. "Niliwapiga kwa sababu niliambiwa," ulisema, "lakini wao hawakujua kwamba nimeambiwa."

Kisha msichana wa miaka minane akaumwa tumbo darasani. Aliomba msaada kwa mikono, kama alivyozoea kwao. Mwalimu wa zamu akamfunga mikono kwa kitambaa nyuma ya kiti, mpaka aombe kwa mdomo. Ulimkuta saa sita mchana, jasho linamtiririka. Ulimfungua, ukambeba mgongoni hadi hospitali bila kumwomba mtu ruhusa. Akapasuliwa siku ileile. Daktari alikuambia, "Mngechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Mtoto alipona, leo ana watoto wake wawili. Wewe ukapewa barua ya onyo kwa utovu wa nidhamu, yenye sahihi ya mkaguzi wa shule. Wakakutoa darasani, wakakutupa stoo ya vitabu. Miaka kumi na mmoja, Mama.

Watoto wakawa wanakuja kuazima vitabu wasivyovihitaji, nawe ukawa unaongea nao kwa alama nyuma ya makabati. Baba alikusihi uache kabla hujamwaga unga. "Wakinifukuza," ulimjibu, "nitakaa getini."

Sheria ikaja kubadilika. Wazazi wa watoto wenye ulemavu walikuwa wamezunguka ofisi hadi ofisi mpaka soli zikaisha, na hatimaye lugha ya alama ikaruhusiwa madarasani. Siku ya sherehe, mkaguzi yuleyule, sasa bosi mkubwa, akapanda jukwaani macho makavu, akasema, "Sisi siku zote tumeiamini lugha hii." Na kwa kuwa kati ya walimu wote hakuna mwingine aliyeijua, ulitolewa stoo ukasimame kando yake, umtafsirie.

Ulitafsiri neno kwa neno. Tulipokuuliza kwa nini hukuwaambia ukweli palepale, ulisema, "Viziwi waliokaa mbele ni wanafunzi waliopita mikononi mwake. Nilitaka wajue anasema nini."

Yeye akapewa nishani. Wewe ukarudishwa darasani bila hata pole. Uliandika ukiomba onyo lile lifutwe kwenye faili lako. Ukaandika tena. Ukastaafu, ukaandika mara ya tatu.

Jibu limefika mwezi uliopita, Mama, kwa jina lako: faili halionekani, ufike ofisini wewe mwenyewe ukiwa na nakala ya barua ya onyo. Baba alilisoma akiwa amesimama, akalikunja. "Hata kwamba amekufa hawana habari," akasema, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Nakala tunayo, uliitunza. Jumatatu Baba ataipeleka mwenyewe, na sisi sote tutakuwa nyuma yake.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa. Na sisi wanao watatu. Dada zako wawili. Wakwe zako, wajukuu, na mdogo wako wa mwisho, ambaye bado anakupigia simu kwa mazoea.

Moyoni hututoki, Mama, na waliyokutendea hayatutoki.