Alama ya Chaki Juu ya Tangi

Jumatatu, 22 Juni 2015
Breki ya mbele bado inalia. Leo nimefungua gurudumu mara ya tatu. Viatu vya breki ni vipya, lakini kimoja tu ndicho kinachogusa dramu. Nimepiga msasa, nimepuliza vumbi, nimefunga, nimeisukuma pikipiki uani. Kwiiii. Ras Al Khor nzima, hapa Dubai, imesikia. Funga ya tano, joto la kubabua, mate hakuna.

Pikipiki ya Kiingereza, ya miaka ya sitini. Ilikuwa ya marehemu baba yake arbab, mwenye gereji. Arbab anataka kuipanda Idi. Anapiga simu kila akitoka kusali.

Shaibu ananicheka. "Mtanga, wewe wabembeleza chuma. Breki si mke." Mtu wa Likoni huyu, mdomo haufungi hata mwezi wa toba. Ndiye aliyeniletea kazi hii. Miaka sita tunalala chumba kimoja Al Nahda, kitanda cha ghorofa, yeye juu mimi chini. Mimi natengeneza, yeye anajaribu barabarani. Mimi kupanda naogopa. Sioni haya kusema.

Jumanne, 23 Juni
Nimeupata ugonjwa. Si viatu. Ni kifimbo kinachounganisha mikono miwili ya breki, kilikuwa kirefu mno. Nimekifupisha kidogo tu, viatu vyote vikagusa pamoja. Nimekaa chini naliangalia gurudumu likizunguka kimya. Furaha ya kijinga, lakini yangu.

Kesho namalizia na kutia X. Hapa gereji, anayekaza nati ya mwisho anachora X kwa chaki juu ya tangi. Pasipo X hakuna anayewasha. Penye X unapanda tu, huulizi. Kuuliza ni kumtukana fundi.

Jumatano, 24 Juni
Imekwisha. Arbab alitaka picha kabla ya futari, nikachora X, nikapiga picha, nikamtumia. Amenyamaza hatimaye. Shaibu alikuwa anapanga tende. Sambusa zilikuwa za moto. Basi likaja mapema. Nimechoka.

Alhamisi, 25 Juni
Niandike kama ilivyokuwa.

Kuna chuma kinachoshika sahani ya breki isizunguke pamoja na gurudumu. Boliti moja, nati moja, na kota pini inayopita ndani ili nati isifunguke. Jana kota pini ya saizi ile ilikosekana. Nati niliigusa kwa vidole tu. Nikasema nitaimalizia baada ya kula. Nikachora X kwa ajili ya picha. Kwa ajili ya simu ya arbab. Nikala, nikasahau.

Leo asubuhi nilitumwa duka la vipuri, mtaa wa pili. Muuzaji akamwaga kota pini juu ya kaunta akimtafutia mteja mwingine. Nikaziona. Nikaikumbuka nati. Nikampigia Shaibu. Hakushika. Hashiki simu akiwa juu ya pikipiki. Nikakimbia.

Alikwisha iona X, akapanda kuijaribu. Nilimkuta barabarani, karibu na maghala. Sahani ilizunguka, ikauvuta waya, gurudumu likafunga. Alirushwa, mgongo ukatua kwenye ukingo wa zege. Macho wazi, hasemi.

Ambulensi ilipomchukua, nilirudi na pikipiki kwenye pikapu. Kabla arbab hajafika nikachukua tambara, nikaifuta X. Hilo nalo nimelifanya.

Ijumaa, 26 Juni
Sikuenda msikitini. Nimelala nikitazama mbao za kitanda chake.

Jumanne, 30 Juni
Daktari amesema miguu ya Shaibu haitarudi. Amesema kwa upole, kwa Kiingereza chepesi ili tuelewe. Heri angenitukana.

Arbab anasema Shaibu alikuwa anaenda mbio. Polisi wameandika hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza neno. Mimi naitwa fundi mzuri. Nashika spana, naiweka chini.

Jumamosi, 4 Julai
Nimemwambia. Nilifunga pazia la kitanda cha Shaibu hospitalini, nikamwambia yote, X, picha, nati, tambara. Nililia kama mtoto, sikujizuia.

Aliacha nimalize. Kisha akasema, "Najua. Nilipovuta breki nilisikia sahani yazunguka. Hata sijafika chini nishajua."

Na polisi? Yeye mwenyewe ndiye aliyewaambia alikuwa mbio.

Nikasema kesho naenda kwa arbab, naenda polisi, naeleza. Akanishika mkono, kwa nguvu kuliko nilivyotegemea. "Wende ukafungwe, kisha urudishwe kwenu? Halafu wanangu watalishwa na nani? Mimi ndo' basi. Wewe una mikono. Utakaa hapa, utafanya kazi, utanyamaza. Khalas."

Nikamwambia siwezi. Akasema, "Hukuulizwa kama waweza."

Kisha akataka maji. Nikamshikilia mrija. Kunywa kwenyewe kulimchosha.

Ningekuwa mtu ningekataa. Nimekubali. Sijui kama ni kwa ajili ya wanawe au kwa ajili ya ngozi yangu, na kutojua huko ndiko kunakonila.

Jumapili, 12 Julai
Ameondoka. Machela mpaka ndani ya ndege. Nilimfungia begi lake, kanzu mpya ya Idi juu kabisa. Arbab hakuja. Shaibu akanitania mara ya mwisho: "Usilale kitanda changu, Mtanga, utaanguka." Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Ijumaa, 17 Julai
Idi. Mkewe alipiga simu kutoka Likoni. "Shemeji, Mungu akuzidishie. Shaibu asema huko hana ndugu ila wewe." Nyuma yake nilisikia watoto wanagombania kitu. Nikasema amina.

Watu wa chumba wamepika pilau. Nimekaa nalo mapajani mpaka likapoa.

Jumatano, 22 Julai
Arbab anaitaka pikipiki. Hakuipanda Idi, sasa anataka mwisho wa mwezi. "Yalla, fundi, breki ile ile, wewe unaijua." Ndiyo. Naijua kuliko mtu yeyote duniani.

Nimeanza kuifungua. Damu iliyokauka kwenye spoki mbili. Nimeisafisha kwa petroli.

Jumanne, 28 Julai
Foko inayoshika gurudumu la mbele imenyooshwa. Sahani mpya, waya mpya. Nati nimeikaza kwa spana, kota pini nimeipitisha, nimeikunja miguu yote miwili. Hakuna wa kujaribu. Nimepanda mwenyewe.

Niliwasha, nikaenda polepole mpaka pale penye maghala. Ukingo wa zege una mkwaruzo mweupe. Nikavuta breki. Ikashika. Viatu vyote viwili, pamoja, bila kulia. Pikipiki ikasimama pale pale nilipotaka isimame.

Nikashuka. Nikairudisha gereji kwa miguu, nikiisukuma, jua kichwani.

Arbab aliuliza mbona tangi halina X. Nikamwambia chaki imekwisha. Iko mfukoni.