Kipande cha Irisi Unachoniomba

Jirani yangu wa Kasulo,

Binti yako aliponifikishia ujumbe wako, nilicheka kwa hasira. Eti nikutumie kipande cha irisi, kwa kuwa zile ulizobaki nazo zilioza! Amenieleza pia kwamba ulichimba kobalti chini ya bustani iliyokuwa yangu, na sasa unatafuta maua ya kupanda juu ya shimo ulilofukia.

Najua kwa nini zilioza. Ulizizika kama muhogo. Unakumbuka ulivyoshika kile kishina kinene kama tangawizi ukauliza, "Yaya, hii iko ya kula ao iko maua?" Mke wangu alikucheka, kisha akakufundisha: toboa kopo la maziwa kwa msumari, tia udongo na mchanga, laza kishina, mgongo wake ubaki nje uote jua. Mizizi ikishika, hamishia bustanini pamoja na udongo wake. Siku zile ukiniita yaya niliitika, maana nilikuwa kwako kama kaka mkubwa. Wewe ndiwe uliyempakata mwanangu wa kwanza alipobatizwa.

Halafu vijana wakaja na marungu wakipaza sauti: Wakasai watoke, warudi mkoani kwao Kasai. Mimi nilizaliwa huko huko, Musonoi, baba yangu aliletwa na mgodi kutoka Kasai. Kasai nilikuwa sijaiona hata kwa siku moja. Nikakuona katikati yao. Mke wangu alikumbatia makopo sita yaliyongoja kuhamishwa. Ukampokonya matano.

"Acha, mama. Kule kwenu kuko maua mingi."

Kwenu! Neno hilo nililala nalo stesheni, wiki baada ya wiki, tukingoja treni huku watoto wakiharisha. Ulikuwa unaishi mwendo wa nusu saa. Hukuleta hata maji.

Tulipofika stesheni ya Lubudi, njiani kwenda Kasai, yule uliyempakata alikuwa amekwisha kukata roho. Treni ilisimama kidogo tu. Tulimzika kando ya reli, na mama yake akapasua kopo la sita, akapanda irisi kichwani pake, mgongo ukitazama jua. Kisha wakatuita tupande treni.

Sijarudi huko. Nimezeeka, na ni mbali. Wewe uko karibu.

Ukitaka kipande, nenda Lubudi. Muombe mwenyewe.

Mimi,
uliyekuwa ukiniita yaya