Maziwa Niliyokunywa kwa Siri

Ngezi, Bunia
Tarehe 11 Oktoba 2024

Mpendwa shemeji Nicolas,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikiomba karatasi hii ikukute ukiwa mzima huko Epulu. Je, ile homa ya mwezi wa nane imekuacha? Na okapi wenu, wanaonekana? Marehemu mume wangu Josaphat alikuwa akicheka kwamba umepewa kulinda mnyama anayejua kujificha kuliko wewe. Siku hizi simu yako inaita mpaka inachoka, basi nimeona bora nimpe dereva wa lori barua.

Sisi hapa tuko wazima. Nikisema sisi, ni mimi na mama yako tu. Goti la kushoto linamsumbua mvua ikinyesha, na anakula kidogo, lakini asubuhi naamka nikikuta uwanja umeshafagiliwa. Nimemkataza mara nyingi, hasikii.

Shemeji, nyumba imekuwa kimya mno. Unakumbuka baraza langu lilivyokuwa, wanawake wamejaa na vitenge vyao, kila mmoja anataka nguo yake imalizike kabla ya ya mwenzake. Sasa cherehani nimeifunika. Christella, ambaye tumeimba kwaya pamoja miaka kumi na moja, alituma mtu aje kuchukua kitenge chake. Nilikuwa nimeshakikata, mikono bado haijashonwa. Alikichukua hivyo hivyo, vipande vipande. Siku ile nililia kuliko siku ya mazishi, na sioni haya kukuambia.

Najua kaka yetu mkubwa Liévin amekueleza habari za kikao kwa namna yake. Acha nami nikueleze, kwa kuwa wewe barabara ilikuzuia, hukuwepo kuzika wala kusikiliza.

Unajua desturi ya jamaa yenu. Ng'ombe wa shangazi akizaa, maziwa ya kwanza anayaweka katika kibuyu, anampelekea mtoto wa kaka yake, na mke wa nyumba haruhusiwi hata kulamba kizibo. Mama yako, kwa kuwa ndiye shangazi yake, alimletea Josaphat kibuyu kile mwezi wa tano, na wiki ileile mume wangu akalala kitandani asiinuke tena. Karatasi ya hospitali iliandika ini, na daktari alisema ugonjwa ulikuwa wa siku nyingi. Lakini mama mmoja wa chumba cha maombi akaona katika ndoto kibuyu chenye nyoka, na tangu hapo jamaa haikutaka kusoma karatasi ya hospitali.

Kikao kilifanyika kwa Liévin, mwezi wa tisa. Mama yako walimketisha nje, nyuma ya jiko, kama mgonjwa wa kuambukiza. Liévin alinivuta pembeni kabla hatujaanza. «Godelive, weye sema tu kwamba muzee alikukataza kugusa kile kibuyu, juu alijua kitu iko ndani. Neno moja tu, na mambo inaisha.» Christella naye alikuwa ameninong'oneza jioni iliyotangulia kwamba Mungu anajua roho yangu, niseme tu vile wanataka, nisije nikabaki bila watu.

Nilipoitwa, Liévin alifungua Biblia palepale pasemapo mchawi asiachwe hai, akaweka kidole. Sikubishana naye. Nilimwomba arudi ukurasa mmoja tu nyuma, kwenye amri kumi, aisome kwa sauti amri ile inayokataza kumshuhudia mwenzako uongo. Hakuisoma. Nikaweka mkono juu ya Biblia, nikasema kitu ambacho hata Josaphat sikuwahi kumwambia: mimi pia nilikunywa maziwa yale. Nilipoosha kibuyu niliona yamebaki chini, yananukia moshi vizuri, nikayamaliza nikiwa nimesimama mlangoni. Yapata kikombe kizima. Na sikuumwa hata tumbo.

Nilidhani neno hilo litamponya mama yako. Nilikuwa mjinga. Wakaanza kusema kwamba mke anayekunywa fungu la mume wake amekula uhai wake, na kwamba wachawi sasa ni wawili. Niliondoka nikiwa nimemshika mama yako mkono, na hakuna aliyetusindikiza hata mpaka barabarani.

Usifikiri mimi ni jasiri. Kuna asubuhi najuta. Nakaa na Biblia yangu magotini, nasoma mistari ileile, na sisikii jibu lolote, nasikia ufagio wa mama yako tu. Ningesema lile neno moja, leo ningekuwa na wateja, na kwaya, na mtu wa kuniuliza nimelalaje. Lakini yeye angekuwa wapi? Wanataka atoke Bunia, na wewe unajua mzee aliyepewa jina lile anapokelewaje barabarani. Ana miaka sabini na minne.

Kikao cha pili kimewekwa tarehe 28 mwezi huu. Mimi ni mke tu, tena mjane, neno langu wamelitupa. Neno la mtoto wake wa pekee hawawezi kulitupa hivyo hivyo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Siku ya kikao Liévin alikupigia simu, akaweka sauti juu, wote tukakusikia ukisema: «Mufanye vile jamaa inaona.» Mimi nilikusikia, Nicolas. Mama yako hakusikia, lakini kupitia dirisha aliona simu ikishikwa. Jana tukitoa mawe kwenye maharagwe akaniuliza: «Mutoto wangu alisemaka nini?» Niliendelea kuchambua maharagwe kana kwamba sikusikia. Hakurudia.

Sikukasirikii. Uko mbali, una watoto, na woga najua ladha yake. Nisalimie Elodie, na Orly mwambie bibi yake bado anamwekea ile kofia ya sufu. Bwana awafunike huko msituni na akupe mguu mwepesi wa kuja.

Lakini uje kabla ya tarehe 28, au upige simu uongee naye mwenyewe. Akiniuliza mara ya pili, sina uongo wa kumpa.

Mimi shemeji yako, ambaye hajaacha kukupenda,

Godelive